Tsavo Mashariki kutoka Nairobi: mwongozo kamili wa kutafuta wanyama kwa kufuata maji

Mkazi wa Nairobi anayetaka kuona wanyamapori huanza na hifadhi iliyo mlangoni pake, ile ya Lang'ata, na hakosei. Lakini Hifadhi ya Nairobi ina kilomita mraba 117 tu, iko nyanda za juu penye baridi ya asubuhi, na mzunguko mmoja unatosha kuimaliza. Tsavo Mashariki ina kilomita mraba 13,747. Ni nyika ya tambarare, joto na udongo mwekundu, chini kabisa ukilinganisha na Nairobi: Nairobi imepita mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mji wa Voi, ulio mlangoni mwa Tsavo Mashariki, hata mita 600 haufiki kwa raha. Ukiingia huko kwa mazoea ya Lang'ata utazunguka kutwa, utachoma mafuta, kisha utarudi nyumbani ukiwaambia watu kwamba Tsavo hakuna kitu. Nimewasikia wengi wakisema hivyo na huniuma, kwa sababu wanyama wapo. Walitafutwa mahali wasipokuwapo.

Siri ya nyika ya chini ni maji. Mwezi wa kwenda, lango la kuingilia, saa ya kuamka, mahali pa kuzima injini na kungoja, vyote vinaamuliwa na maji. Mwongozo huu unafuata mkondo huo tangu mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya yote: jua maji yako wapi

Sehemu kubwa ya Tsavo Mashariki hupata mvua ya milimita 250 hadi 500 kwa mwaka, na hiyo huja kwa misimu miwili: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba na Desemba. Katikati ya misimu hiyo nchi hukauka ikapasuka. Mto unaoikata hifadhi na kuwa na maji mwaka mzima ni Galana. Mto Voi, ulio upande wa kusini, hutiririka msimu wa mvua tu. Miezi mingine unachokiona ni mchanga, na maji yamejificha chini yake.

Baada ya mito kuna mabwawa na vidimbwi. Bwawa la Aruba lilijengwa mwaka 1952 kwa kuuziba Mto Voi. Chini ya jabali la Mudanda kuna bwawa jingine. Karibu na lango la Voi kuna kinamasi cha Kanderi. Zaidi ya hapo kuna visima vilivyochimbwa ili kunywesha wanyama. Chukua ramani ya hifadhi, weka alama kwenye sehemu hizo, na kazi ya kupanga safari itakuwa imefika nusu.

Huo Galana ni mto wetu pia. Mto Mbagathi, unaochora mpaka wa kusini wa Hifadhi ya Nairobi, ndio unaoendelea na kuitwa Athi, na Mto Nairobi nao humwaga maji yake humo humo. Athi hushuka ukiambaa na uwanda wa Yatta, ambao ni mto wa lava ulioganda, wenye urefu wa takriban kilomita 300, miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Ukishakutana na Mto Tsavo, jina hubadilika kuwa Galana, halafu Sabaki, hadi baharini kaskazini mwa Malindi. Kwa hiyo mafuta machafu ya gereji na maji taka tunayoyaachia kwenye mitaro ya jiji yana njia ya kufika pale kiboko anapooga na ndovu anaponywa. Jambo hili linafaa kujulikana kabla mtu hajafunga begi.

Sasa wagawe wanyama mafungu mawili. Kuna wanaohitaji kunywa mara kwa mara: ndovu, nyati, punda milia. Hawa watafute kwenye maji au kwenye njia ziendazo majini. Na kuna wanaoweza kukaa siku nyingi bila kugusa maji kwa kuwa unyevu wa majani unawatosha: choroa, swala twiga, digidigi. Hawa watafute njiani, penye vichaka vya miiba, mbali na msongamano wa mabwawa. Simba na fisi hufuata fungu la kwanza. Mtu akilishika hili hahitaji bahati kubwa.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Kama ni safari yako ya kwanza, nenda kati ya Juni na Oktoba. Majani yamenyauka na macho yanafika mbali, vidimbwi vidogo vimekauka, na wanyama wanalazimika kukusanyika penye maji machache yaliyobaki. Januari na Februari pia ni miezi mizuri, ila joto lake ni kali.

Wakati wa mvua mambo hugeuka. Kila shimo lina maji, kwa hiyo ndovu hana sababu ya kuja Aruba, na nyasi ndefu humficha hata simba aliyelala hatua kumi kutoka barabarani. Udongo mwekundu ukilowa huteleza, na gari dogo hukwama mapema. Anayependa ndege asiogope msimu huo: nyika nzima huwa kijani na milio haikatiki.

Tofautisha kiangazi na ukame. Kiangazi cha kawaida hukusanya wanyama, ukame huwaua. Mwaka 1970 na 1971 maelfu ya ndovu walikufa Tsavo kwa njaa baada ya mvua kukosekana, na wengi wao walikuwa majike na watoto, wasioweza kwenda mbali na maji kutafuta malisho. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba kwa sababu ya ukame. Kwa hiyo usimwombee mnyama ukame ili wewe upate picha nzuri.

Wiki moja kabla: anzia Lang'ata

Hatua hii wengi huiruka, nami naisisitiza, hasa ukiwa na watoto. Ndani ya Hifadhi ya Nairobi kuna kituo cha Sheldrick kinacholea watoto wa ndovu walioachwa yatima na ujangili, ukame au visima walivyotumbukia. Wageni hupokewa kwa muda wa saa moja tu kwa siku, kabla ya adhuhuri, na lazima uweke nafasi mapema. Utawaona walezi wakiwanywesha maziwa kwa chupa kubwa, na watoto wale wakijimwagia vumbi jekundu. Wakikua hupelekwa Tsavo, wengine Voi, wengine Ithumba kaskazini mwa hifadhi, na huko hujifunza polepole kuishi na makundi ya porini. Mtoto akishamwona ndovu mdogo anayefunikwa blanketi usiku, akaja kumwona mkubwa mwenye pembe ndefu kule Voi, huelewa jambo ambalo maelezo ya mzazi hayawezi kumfundisha.

Humo humo katika Hifadhi ya Nairobi kuna mahali palipochomwa pembe za ndovu. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 ili kuuambia ulimwengu kwamba Kenya haitaki biashara hiyo. Tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105. Nyingi za hasara zilizosababisha moto ule wa kwanza zilitokea Tsavo, ambako majangili wa miaka ya 1970 na 1980 waliangusha ndovu kwa maelfu. Ukipita hapo penye majivu kabla ya kwenda, utawaangalia ndovu wa Tsavo kwa jicho jingine. Leo eneo la Tsavo ndilo lenye ndovu wengi kuliko eneo lolote nchini; sensa ya mwaka 2021 ilihesabu 36,280 Kenya nzima.

Hatua ya pili: namna ya kufika

Kuna njia mbili za maana.

Treni. Kama mko mmoja, wawili au watatu, pandeni treni ya SGR kutoka Syokimau. Chagua ile ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, na ushuke Voi. Tiketi huisha mapema, hasa Ijumaa na siku za sikukuu, kwa hiyo kata mapema na ulipe kwa M-Pesa. Beba kitambulisho, na fika stesheni saa nzima kabla, kwa sababu ya ukaguzi wa mizigo na mbwa wa polisi. Omba kiti cha dirishani upande wa kushoto kama unaelekea Mombasa. Mkishapita Mtito Andei, upande huo ndio wa Tsavo Mashariki, na reli imeinuliwa juu ya tuta na madaraja ili wanyama wapite chini yake. Acha simu na utazame nje: ndovu wekundu huonekana kutoka dirishani, na punda milia ni kawaida.

Gari. Kama mko wanne au zaidi, gari ni nafuu na linawapa uhuru. Voi iko kilomita 330 hivi kutoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa. Ondokeni alfajiri kabla malori hayajajaa Mlolongo na Athi River. Barabara hiyo ni ya malori, na wanaoharakisha kuyapita kwenye kona za Salama ndio wanaotuletea habari mbaya kila mwezi. Endesheni mchana tu. Pumzikeni Makindu, hekalu la Wasingasinga hapo huwapa wasafiri chakula bila malipo, mtu hulipa sadaka akipenda, na kikombe chake cha chai kimewaokoa madereva wengi waliokuwa wakisinzia. Kabla ya kufika Voi mtavuka Mto Tsavo. Hapo ndipo simba wawili wasio na manyoya shingoni waliposimamisha ujenzi wa daraja la reli mwaka 1898 kwa kuwala wafanyakazi, hadi John Henry Patterson alipowapiga risasi Desemba mwaka huo. Mizoga yao iliyojazwa imo kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago, hadi leo.

Mabasi ya Mombasa nayo hushusha Voi, lakini mengi husafiri usiku na kukutupa stendi saa tisa usiku. Sipendekezi.

Hatua ya tatu: malipo

Langoni hawapokei pesa taslimu. Ada ya hifadhi hulipwa kupitia akaunti ya eCitizen kwenye ukurasa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Lipa ukiwa bado Nairobi penye mtandao mzuri, kisha uihifadhi risiti kwenye simu na pia uichapishe karatasi moja, maana simu huzima. Utachagua hifadhi, lango, tarehe, idadi ya watu wazima na watoto, na aina ya gari. Gari nalo lina ada yake na watu wengi hulisahau. Viwango vya raia, wakazi na wageni ni tofauti, na raia lazima aonyeshe kitambulisho halisi. Soma masharti ya muda yaliyoandikwa kwenye tiketi, kwa kuwa ukishatoka langoni huwezi kurudi ndani kwa tiketi ile ile.

Hatua ya nne: gari la ndani ya hifadhi

Bodaboda haziruhusiwi, na kutembea kwa miguu hakuruhusiwi isipokuwa sehemu maalum. Waliokuja kwa treni watahitaji kukodi gari Voi. Pale stesheni na mjini kuna madereva wengi wenye magari ya kufunguka paa. Usimkimbilie wa kwanza. Muulize mambo haya kabla ya kukubaliana bei: je, mafuta yamo? Ada ya gari na ya dereva mwenyewe kuingia imo? Tutakuwa ndani kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Gurudumu la akiba lina upepo? Kisha muulize swali linalopima ujuzi wake: wiki hii maji yako wapi? Dereva anayeijua Tsavo atakujibu papo hapo, kwamba Aruba limepungua, kwamba kisima fulani kinatoa maji, kwamba ndovu wamehamia upande fulani. Anayekujibu kwamba simba wako kila mahali, mwache.

Wenye magari yao: gari dogo la kawaida linaweza kwenda barabara ya Voi hadi Aruba wakati wa kiangazi likiendeshwa polepole. Njia za kando, za mchanga wa mtoni na za kwenda kaskazini mwa Galana ziachieni magari ya kuvuta magurudumu yote manne. Jazeni tangi Voi, kagueni jeki na spana, na msitegemee ramani ya simu inayohitaji mtandao. Pakueni ramani mapema. Kwenye njia panda za hifadhi kuna vinguzo vyenye nambari. Andikeni kila nambari mnayopita. Mkipotea, nambari ya mwisho ndiyo mtakayowatajia askari wa wanyamapori kwa simu.

Hatua ya tano: mzigo

Maji kwanza: lita tano kwa kila mtu kwa siku, na mtungi mmoja wa ziada kwa ajili ya gari. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi, kwa hiyo chupa za dukani na mifuko ya nailoni haviingii. Tumia chupa za chuma au mitungi ya kurudia.

Chakula kiwe kisichoharibika kwa joto: chapati, mayai ya kuchemsha, njugu, ndizi. Kifungieni kwenye kikapu chenye kifuniko. Nyani na tumbili wa langoni wanajua kufungua mlango wa gari, na mtu akimlisha hata mara moja anakuwa amemfundisha kuwanyang'anya watoto wa wenzake.

Nguo ziwe za rangi ya majani makavu. Epukeni samawati na nyeusi, rangi zinazowavuta mbung'o, nao wakiuma mtu hata juu ya shati atapiga kelele. Nairobi malaria ni nadra, Voi ipo: muone mfamasia au daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kusafiri, na lala ndani ya chandarua. Darubini ni muhimu kuliko kamera. Hata moja ya kukodi au kuazima itageuza doa jekundu la mbali kuwa familia ya ndovu.

Pa kulala kuna aina tatu: nyumba za wageni mjini Voi, ambazo ndizo nafuu, hoteli zilizo ndani ya hifadhi, kama ile ya Voi Safari Lodge iliyo juu ya mwamba ukitazama vidimbwi, na kambi ya mahema ya Ndololo karibu na lango la Voi, kwa wenye hema lao na moyo wa kusikia ndovu akivunja matawi usiku.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Uwe hapo saa kumi na mbili kasoro, na foleni iwe nyuma yako. Saa tatu za kwanza ndizo zenye thamani kuliko siku nzima iliyobaki.

Usikimbilie Aruba moja kwa moja. Anza na kingo za Mto Voi na Kanderi, ambako kuna miti mikubwa na kivuli. Chui hushuka mitini alfajiri, simba hurudi kutoka mawindoni. Mwendo wako usizidi kilomita 40 kwa saa, ndiyo sheria. Mwendo mzuri wa kuona ni nusu ya huo. Macho ya mgeni hutazama mbali, ya mwenyeji hutazama chini ya vichaka. Simba wa Tsavo, madume wengi yakiwa na manyoya haba au hayana kabisa, hulala chini ya kijichaka ambacho usingedhani kinamtosha hata mbuzi.

Kuna jambo moja ninaloomba usilikose. Wakati mto umekauka, tafuta mahali ambapo mchanga wake umechimbuliwa, simama mbali kidogo, zima injini. Ndovu jike, mara nyingi mkubwa wa kundi, huja na kuanza kukwangua mchanga kwa mguu wa mbele, taratibu, huku akiuondoa kwa mkonga. Shimo likifika kina cha goti lake hutulia. Maji huanza kujikusanya chini, machache, yenye tope. Huyavuta na kuyatema pembeni, hungoja tena, na yale ya pili yaliyochujwa na mchanga ndiyo anayoyanywa. Watoto hujipenyeza, husukumwa nyuma kwa upole, kisha hupewa nafasi. Kundi likiondoka, shimo halibaki tupu: huja nyani, huja ngiri, huja kanga kwa makumi, njiwa, nyuki. Kazi ya mnyama mmoja imewanywesha wengine wengi. Anayekaa hapo saa nzima ameiona Tsavo kuliko aliyepiga kilomita mia moja.

Saa tatu au saa nne elekea Aruba. Njia hiyo hupita nyika wazi, na hapo ndipo pa kuwatafuta wasiotegemea maji. Swala twiga atakuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, wima kabisa, shingo ndefu imeingia ndani ya kichaka cha miiba, anachagua jani moja moja kwa midomo. Choroa hutembea kwa vikundi, pembe zilizonyooka kama mikuki, uso wenye michirizi myeusi. Mbuni dume wa huku ana shingo na mapaja ya kijivu yenye samawati, tofauti na yule wa Nairobi mwenye shingo ya waridi. Kwa bahati kubwa utamwona hirola, kongoni mwembamba mwenye mistari myeupe ya macho, mmoja wa wanyama adimu kuliko wote Afrika. Kwao ni huko Garissa na Tana River, na waliletwa hapa mwaka 1963 na tena 1996 ili kabila lao lisiishe.

Bwawani Aruba, chagua upande wenye upepo unaokuja kwako kutoka majini, egesha, na kaa. Ndovu huja mchana joto likipanda, familia moja baada ya nyingine, wote wekundu kwa vumbi la udongo. Wakiingia majini rangi hiyo huwatoka na ukagundua kwamba ni kijivu kama ndovu wengine wote. Wakitoka hujimwagia vumbi tena, maana vumbi hilo ni kinga ya jua na wadudu. Miaka ya mvua haba bwawa hukauka kabisa, kwa hiyo lile swali la kumuuliza dereva usilisahau.

Kuanzia saa sita hadi saa tisa pumzika kwenye kivuli pa halali, langoni au hotelini. Wanyama nao wamelala.

Kama una siku ya pili, itoe kwa upande wa Manyani. Jabali la Mudanda lina urefu wa kilomita moja na nusu hivi, na unaruhusiwa kupanda na kutazama bwawa lililo chini. Kisha endelea hadi maporomoko ya Lugard kwenye Mto Galana, ambako maji yamelichonga jabali hadi likawa na mashimo na mifereji. Tahadhari: miamba inateleza na mamba wapo chini. Usikaribie ukingo kwa ajili ya picha, na mshike mtoto mkono muda wote. Ukingoni mwa mto kuna mikoma na mikwaju, na kivuli chake ni baraka.

Anza kurudi mapema uwe nje kabla ya saa kumi na mbili jioni. Anayechelewa huanza kukimbiza gari, na ndiye anayemgonga digidigi.

Hatua ya saba: ukikutana na ndovu barabarani

Barabara ni yake. Simama mbali, acha injini ikinguruma polepole, usipige honi, usiwashe muziki, usitoe mkono dirishani. Mtazame. Akiwa anakula na mkia unayumba, hana neno. Akiinua kichwa, akatandaza masikio na kusimama akikutazama, anakuonya: rudi nyuma taratibu, bila kugeuza gari. Dume lenye michirizi ya majimaji meusi kati ya jicho na sikio liko kwenye msimu wa kutafuta majike. Hilo lipishe kabisa, hata kama umechelewa. Usiingie kamwe kati ya jike na mtoto wake. Na kama gari la mbele linamsogelea mno, wewe usilifuate.

Hatua ya nane: ukisharudi Nairobi

Futa mahali ulipopigia picha kabla ya kuiweka mtandaoni, hasa picha za kifaru na za madume yenye pembe ndefu. Satao, dume mashuhuri ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi, aliuawa kwa mshale wa sumu huko huko Tsavo Mashariki mwaka 2014, ingawa walinzi walikuwa wakimfuatilia kwa muda mrefu. Andika kwamba ulimwona Tsavo, inatosha. Usitaje bwawa wala nambari ya njia panda. Picha yenye alama ya mahali mpelekee KWS kama ina mnyama aliyeumia au aliyenasa kwenye kitanzi, na uwatajie saa pamoja na nambari ya kinguzo kilichokuwa karibu.